Karakana ya Nyumbani: Kufunga masanduku ya mizigo kwenye pikipiki

Msimu wa korosho ukikaribia, barua kutoka Mtwara na Lindi huongezeka. Safari hii karibu zote zinahusu mizigo ya pikipiki: masanduku ya ubavuni, sanduku la juu, deli (sanduku la kutunza baridi) la samaki, hadi madumu yaliyokatwa. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya nyingine yanaiegemea.

Mafundi, habari za kazi. Nimenunua masanduku mawili ya plastiki ya kuning'inia ubavuni, lita 35 kila moja, lakini yamekuja bila vyuma vya kushikia. Pikipiki ni Boxer 125 yenye keria ya kiwandani. Nyumbani nina spana, msumeno wa chuma na drili ya kuazima. Nabeba vitabu na madaftari, njia ni mchanga na changarawe. Nimeambiwa nitoboe tu masanduku niyafunge kwenye keria. Inatosha?
*Mwalimu, Tandahimba*

Haitoshi, Mwalimu, na ushauri huo ndio unaowapa kazi wachomeleaji wa keria zilizokatika.

Keria ya kiwandani imetengenezwa kwa mzigo unaokandamiza kutoka juu. Sanduku la ubavuni halikandamizi, linavuta kwenda pembeni. Kwenye changarawe yenye mawimbi, mvuto huo unarudiwa mara elfu kadhaa kwa safari moja, na chuma hakishindwi na kilo, kinashindwa na kupindapinda. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua mara kumi: utakatika hujauning'inizia kitu. Keria hukatika hivyo hivyo, na karibu kila mara ni pembeni mwa mahali palipochomelewa.

Kwa hiyo anza na chuma, sanduku lije mwisho. Kila upande ushikwe sehemu tatu zilizoachana, zifanye pembetatu. Sehemu ya kwanza ni boliti ya keria pale inapoingia kwenye chesisi (kiunzi cha pikipiki). Ya pili ni stadi ya juu ya shokapu, ile nondo fupi yenye nyuzi inayoishika shokapu. Ya tatu ni kishikio cha kikanyagio cha abiria, au masikio ya chesisi yanayoshika ekzosi.

Kabla ya kutumia kikanyagio, fanya jaribio hili. Simamisha pikipiki kwenye magurudumu yake, mtu aikandamize siti mara kadhaa, wewe tazama kikanyagio cha abiria kutoka pembeni. Kama kinabaki na umbali uleule kutoka kwenye siti, kipo kwenye chesisi, kitumie. Kama siti inashuka na chenyewe kinabaki palepale na tairi, kimefungwa kwenye mkono wa tairi la nyuma, ile fremu inayobeba ekseli. Baadhi ya pikipiki za bei nafuu na Honda za zamani ziko hivyo. Hapo usikiguse. Fremu iliyoshikwa juu kwenye chesisi na chini kwenye mkono wa tairi inaizuia shokapu kufanya kazi, na kwenye shimo la kwanza la maana kitu kitapasuka: boliti, au sikio la chesisi.

Stadi ya shokapu nayo ina mtego wake. Ukiingiza pleti ya milimita 5 chini ya nati, nati inapoteza milimita 5 za nyuzi. Nyuzi zilizoshikwa zisipungue unene wa stadi yenyewe: stadi ya milimita 10 ishikwe milimita 10. Zikipungua, chonga pleti iwe ya milimita 3 mahali hapo tu, au achana na shokapu utafute sikio lingine kwenye chesisi.

Sasa vifaa. Fremu za pande zote mbili hutoka kwenye bomba moja la mraba la milimita 20 kwa 20, unene milimita 1.5. Bomba huuzwa likiwa la mita 6. Wewe utatumia kama mita 3, kwa hiyo tafuta mwenzako mgawane. Ongeza flatibaa (chuma bapa) ya milimita 25 kwa 5, mita 2, kwa ajili ya miguu ya kushikia. Boliti za M8 (unene milimita 8) ziwe na namba 8.8 kichwani, alama ya ugumu wa chuma, sita na akiba mbili. Boliti isiyo na namba yoyote kichwani iache dukani. Huenda ni nzuri, huenda ni laini kama msumari, na huna namna ya kujua. Kwa masanduku nunua boliti nane za M6 zenye kichwa cha duara, washa pana kumi na sita za kipenyo cha milimita 25 au 30, na nati zenye plastiki ndani, zile zinazokaza zenyewe. Mpira wa ndani wa tairi bovu utakupa washa za raba bure.

Usikate chuma chochote mpaka uwe umekata boksi. Chora fremu kwenye katoni ngumu kwa ukubwa wake halisi, ifunge kwa gundi ya karatasi kwenye pikipiki, kisha lishikilie sanduku hapo. Mkalishe abiria. Visigino vyake vifike kwenye vikanyagio bila kugonga sanduku. Visipofika, sanduku lisogee nyuma kidogo. Kidogo tu, kwa sababu kila sentimita unayorudi nyuma ya ekseli inaupunguzia usukani uzito. Ukingo wa juu wa sanduku usipande juu ya siti, na sehemu ya chini ibaki angalau sentimita 30 kutoka ardhini, maana kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde magurudumu huzama kwenye mkondo na kingo zake hupiga vitu vya chini. Upana wa jumla usizidi usukani. Geti linalopitisha usukani lipitishe na masanduku.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyakumbuka baada ya rangi kukauka. Moja, ekseli ya nyuma hutolewa kwa kuvutwa upande, basi fremu isikae kwenye njia yake. Pancha ya usiku njiani kuelekea Newala si wakati wa kufungua boliti kumi na nne. Mbili, nati za kurekebishia cheni zifikiwe na spana. Tatu, kifuniko cha pembeni palipo betri kifunguke.

Upande wa ekzosi acha nafasi ya sentimita 5 hadi 7 kati ya bomba na sanduku. Haitoshi bado kwa plastiki. Kati yake weka kipande cha bati la alumini, ukitenge na sanduku kwa washa za kuinua kama sentimita 1 ili hewa ipite. Bati lililogusana na plastiki halikingi chochote, linahamisha joto tu. Sanduku la upande huo litakaa nje zaidi kuliko mwenzake. Usihangaike kusawazisha kwa kulitoa nje na la upande wa pili. Weka tu uzito kidogo zaidi kwenye lile lililo karibu na pikipiki.

Katoni ikishakubali, kata bomba. Kila upande tengeneza mstatili wa sentimita 35 kwa 25, kisha kata kipande cha kuunganisha fremu mbili kwa nyuma, chini ya taa na namba. Kipande hicho kimoja, kama sentimita 45, kina kazi kubwa kuliko miguu yote. Bila hicho kila fremu inapepea peke yake. Kikiwepo, upande mmoja ukivutwa nje, mwingine unaushikilia. Ukiwa na haraka ya kuacha kitu, acha kingine.

Kuchomelea mpe fundi, lakini mpelekee vipande, sio pikipiki. Vifunge kwa klempu na waya kwenye nafasi yake, chora alama kwa chaki, vifungue, vipeleke. Kuchomelea juu ya pikipiki ni cheche karibu na tangi la petroli na umeme unaotafuta njia kupitia waya za betri. Fundi akisisitiza kushikiza vipande viwili vitatu pikipikini, tangi litolewe na betri ifunguliwe, hasi kwanza. Na asichomelee chochote kwenye chesisi yenyewe. Bomba la chesisi ni jembamba. Joto hulidhoofisha pembeni mwa mshono na hapo ndipo ufa utaanzia.

Vikirudi, gonga magamba ya mshono, safisha kwa brashi ya waya na msasa, paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kawaida mara mbili. Ncha za bomba zizibwe na toboa tundu la milimita 4 upande wa chini kabisa. Bomba lililo wazi huvuta unyevu, na ukiwa mtu wa kushuka Mtwara mjini au Mikindani mara kwa mara, ni unyevu wenye chumvi. Linaoza kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa.

Kufunga fremu: ingiza boliti zote kwa mkono kwanza, zikiwa legelege, halafu ndipo ukaze moja baada ya nyingine. Ukikaza moja mpaka mwisho, nyingine hazitapata matundu yake na utaanza kuvuta chuma kwa nguvu. Chuma kilichovutwa hukaa na mzigo tayari kabla ya safari. M8 ya 8.8 inataka nguvu ya kukaza ya kama Nm 25 (nyutoni-mita). Bila spana ya kipimo, shika spana ya namba 13 sentimita 15 kutoka kwenye nati na uvute kwa nguvu ya kunyanyua kama kilo 17. Ukiongeza bomba kwenye spana ili kukaza zaidi, unaivuta boliti, huikazi.

Kwa sanduku, toboa matundu manne nyuma yake, yawe angalau sentimita 2.5 kutoka kwenye kona na kingo. Anza na biti ya milimita 3, malizia na ya 6.5, ubao ukiwa umeshikwa kwa ndani ili plastiki isipasuke biti inapotokea. Laini kingo za tundu kwa kisu. Mkwaruzo mdogo ndio mwanzo wa ufa. Kichwa cha duara kikae ndani kisichane madaftari, nati ikae nje. Mpangilio ni huu: kichwa, washa pana, raba, plastiki, raba, fremu, washa, nati, na silikoni kidogo kwenye tundu. Kaza mpaka uone raba imebinyika kidogo, basi. Plastiki iliyobanwa kupita kiasi hupasuka wiki ya pili, na lawama humwendea muuzaji.

Chora mstari wa rangi unaopita kwenye nati na kwenye chuma. Baada ya kilomita 50 angalia mistari: iliyoachana ni nati iliyozunguka, kaza. Rudia baada ya kilomita 200, kisha kila unapobadilisha oili.

Kuhusu uzito, tafuta kwenye kitabu cha pikipiki kiasi cha juu cha mzigo. Kiasi hicho kinajumuisha kila kitu kisichotoka kiwandani. Wewe kilo 70, abiria 65, fremu 6, masanduku mawili 8: tayari ni 149 na hujaweka hata daftari. Siku ya kubeba vitabu, abiria apande gari. Gawa mizigo karibu nusu kwa nusu. Tofauti ya zaidi ya kilo 2 kati ya kushoto na kulia utaisikia mwilini. Pandisha kipimo cha ugumu wa shokapu hatua moja, pande zote mbili sawa, na upepo wa tairi la nyuma uwe ule wa stika unaoandikwa kwa mzigo, sio wa mtu mmoja.

Shikamooni mafundi. Nanunua samaki Lindi nawapeleka Nachingwea. Deli langu ni la lita 60, nimelifunga nyuma ya siti juu ya keria kwa mipira ya tyubu. Likijaa, pikipiki inakuwa nyepesi mbele, na cheni haimalizi miezi mitatu. Nilifunge kwa boliti?
*Muuza samaki, Lindi*

Marahaba. Kwa boliti, ndiyo, lakini sio kupitia sakafu ya deli. Kati ya kuta mbili za deli kuna povu linalozuia joto. Ukilitoboa, maji ya samaki huingia kwenye povu, hayatoki, na baada ya muda deli linakuwa zito, linanuka, na barafu inaisha kabla hujafika Nachingwea.

Tuanze na wepesi wa mbele. Kwenye pikipiki kama yako, kutoka ekseli hadi ekseli ni karibu sentimita 125. Deli lenye samaki kilo 30, barafu kilo 15 na lenyewe kilo 5 ni kilo 50. Katikati yake ikiwa sentimita 35 nyuma ya ekseli ya nyuma, zidisha 50 kwa 35, gawanya kwa 125: gurudumu la mbele linaondolewa kilo 14. Hizo ni kilo zinazoshikilia njia kwenye kona na zinazofanya breki ya mbele ikamate. Lisogeze deli mpaka katikati yake iwe sentimita 10 mbele ya ekseli, na mbele inaongezeka kilo 4. Maana yake deli likae pale anapokaa abiria. Kazi ya samaki na kazi ya abiria hazikai kwenye pikipiki moja siku moja.

Ondoa siti ya nyuma kama inatoka peke yake. Isipotoka, tengeneza meza ya plaiwudi ya milimita 18 inayokaa juu ya siti na keria, ishikwe chini kwa boliti nne za M8 zilizokunjwa kama U kwenye mabomba ya keria. Juu yake funga anglo (chuma cha pembe) ya milimita 25 kuzunguka sehemu ya chini ya deli, kimo cha sentimita 6, deli lidumbukie humo kama sufuria kwenye jiko. Kisha mikanda miwili ya kukaza kwa rachi, ikivuka juu. Mipira ya tyubu iache kwa magunia. Tyubu inavutika, kwenye shimo deli hunyanyuka, likirudi hupiga, na kila kipigo kina nguvu kuliko uzito wenyewe.

Kifo cha cheni hakina siri. Maji ya barafu iliyoyeyuka yana chumvi ya samaki, na yanadondoka juu ya cheni na breki. Tundu la kutolea maji la deli liunganishe na mpira wa milimita 12, uupitishe nyuma ya madigadi mpaka chini ya kimo cha ekseli, mdomo uangalie nyuma, mbali na tairi. Maji ya samaki yakilifikia tairi kwenye lami yanateleza kama ute. Ukifika nyumbani, osha kwa maji baridi ya bomba, acha ikauke, ndipo upake oili kwenye cheni. Kupaka oili juu ya chumvi ni kuifunika tu.

Je, madumu ya lita 20 yanaweza kuwa masanduku? Nimeona mtu ameyakata na kuyafunga kila upande.
*Bodaboda, Nachingwea*

Yanaweza, na kwa bei yake hayana mpinzani. Chagua la mafuta ya kula, zito, lisilo na mikunjo myeupe. Lililobeba dawa ya mashamba usilitumie hata likioshwa mara saba. Lililobeba petroli usilikate kwa kisu cha moto wala grinda. Mvuke unaobaki ndani unatosha kukulipukia usoni.

Lisimamishe kama lilivyo. Mlango ukate upande mpana unaoangalia nje, sehemu ya juu, ukiacha mdomo wa sentimita 5 kuzunguka pande zote, kwa sababu mdomo huo ndio unaolizuia dumu kutanuka likijaa. Kona za mkato ziwe za mviringo: toboa kwanza kwa biti ya milimita 10 kwenye kila kona, halafu unganisha matundu kwa msumeno. Kona kali huchanika. Kifuniko ni kipande cha dumu lingine, kikubwa kuliko mlango kwa sentimita 3 kila upande, kikiwa na bawaba ya mpira.

Usilitundike kwa boliti kwenye ukuta wake mwembamba. Tengeneza kitanda cha flatibaa chenye umbo la L kinacholipokea chini na mgongoni, halafu mkanda mmoja kuzunguka. Fremu ni ileile ya Mwalimu hapo juu. Kilo 8 kila upande, usipite hapo. Jua la kusini hulifanya dumu likauke. Ukilibinya na ukaona weupe au nyufa ndogo, limestaafu.

Sanduku langu la alumini limeanza kutoa unga mweupe kwenye boliti, na ndani kuna madoa meusi. Nalibebea salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, za wakulima wa korosho. Ni alumini mbaya?
*Afisa ugani, Newala*

Alumini yako haina kosa. Boliti za chuma zimekaa ndani ya alumini, na kukiwa na unyevu wenye chumvi kati yao, alumini huliwa ili chuma kipone. Unga mweupe ndio alumini inayoondoka. Fungua boliti moja moja, sugua alumini mpaka ing'ae, pitisha bomba jembamba la plastiki kwenye tundu ili boliti isiguse ukuta, weka washa za nailoni pande zote mbili, paka grisi. Boliti za chuma kisichoshika kutu hazitaponya hili peke yake. Nazo zikigusana na alumini bila kizuizi, ulaji ni uleule au zaidi.

Salfa ni habari nyingine. Ikikaa kavu haina tabu kubwa, ikilowana inaanza kula metali. Mfuko wa kilo 25 uingie kwanza kwenye mfuko mzito wa plastiki uliofungwa mdomo, ndipo uingie sandukuni. Na mfuko huo usimamishwe juu ya siti au keria. Kilo 25 kwenye ubavu mmoja ni nyingi kwa sanduku lolote la pikipiki. Chakula, maji ya kunywa na nguo zisikae sanduku moja na salfa, hata siku ambayo mfuko haujatoboka.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: vumbi la salfa linashika moto kirahisi, na moshi wake unakaba kifua vibaya. Kabla hujalipeleka sanduku kwa fundi kuchomelewa au kupigwa grinda, lioshe kwa maji na sabuni ndani, kwenye mikunjo na chini ya boliti, likauke. Na mwambie fundi lilikuwa na nini.

Tangu nifunge sanduku la juu la lita 45, nikifika spidi 60 na zaidi usukani unatikisika. Fundi anataka kubadilisha beringi za shingo, pale usukani unapozungukia.
*Msomaji, Masasi*

Asibadilishe kitu kwanza. Litoe sanduku, nenda barabara ileile kwa spidi ileile. Mtikisiko ukitoweka, beringi haina hatia. Uzito ndio uko juu sana na nyuma sana. Kampuni nyingi zinazotengeneza masanduku ya juu huandika kwenye kibandiko cha ndani kikomo cha kilo 3 hadi 10, kutegemea aina ya kifungio. Lita 45 ni nafasi, sio ruhusa ya kujaza. Humo weka koti la mvua, kofia na karatasi; vizito vishuke ubavuni.

Mtikisiko ukibaki bila sanduku, angalia kwa mpangilio huu, kuanzia rahisi: upepo wa matairi, spoku zilizolegea, bushi za mkono wa tairi la nyuma (shika tairi, litikise kushoto na kulia), beringi za magurudumu, na mwisho ndio beringi za shingo. Ukikutwa na mtikisiko barabarani, punguza mafuta taratibu na ulegeze mikono. Kuubana usukani au kukanyaga breki ghafla huzidisha.

Masanduku yameziba indiketa za nyuma. Trafiki amenisimamisha mara mbili. Niongeze nyaya?
*Msomaji, Mikindani*

Ongeza, na kabla ya hapo hakikisha hata taa ya nyuma na namba vinaonekana mtu akiwa amesimama pembeni kidogo, sio nyuma moja kwa moja tu. Zihamishie indiketa kwenye kile kipande cha kuunganisha fremu, au kwenye pleti iliyotoka nje ya kona ya nyuma ya sanduku. Kila moja ina nyaya mbili, ya umeme na ya hasi. Usitegemee chuma kiwe hasi: rangi mpya ya fremu inazuia umeme, na hapo ndipo indiketa inawaka siku moja na kugoma siku mbili. Vuta waya wa hasi mpaka kwenye ule wa zamani, unganisha kwa kuchoma risasi, vika mpira, na waya upite juu ya fremu, sio chini inaporushiwa kokoto.

Ukibadilisha balbu za kawaida, ambazo nyingi ni wati 10, ukaweka za LED, indiketa itaanza kuwaka haraka haraka. Haijaharibika. Rilei ya zamani, kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima indiketa, inahesabu mzigo wa balbu, na LED ni nyepesi mno kwake. Badilisha rilei, weka ya LED.

Kufuli la sanduku linakwama kwa mchanga. Nalipaka oili ya injini lakini linazidi.
*Msomaji, Kilwa Kivinje*

Oili inavuta vumbi, na vikichanganyika vinakuwa tope ndani ya kufuli. Lisafishe kwa petroli kidogo kwenye sirinji, nje ya nyumba, liache likauke kabisa. Halafu sugua ufunguo kwa ncha ya penseli laini ya 2B mpaka uwe mweusi pande zote mbili, uingize na kuuzungusha mara kumi. Ufunguo ukiwa umeshapinda usiunyooshe. Chonga mwingine kutoka kwenye ule wa akiba, kwa sababu ulionyooshwa hukatikia ndani.